Bao la omweso na namba za ACPI

Mama mmoja, mteja wangu, aliitua kompyuta mezani kwangu kama anayeipua sufuria jikoni. "Fundi, hebu shika hapa chini." Nikashika, nikautoa mkono haraka. Hakukuwa na programu hata moja iliyofunguliwa, lakini feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga, na betri iliyokuwa ikimkalia saa tatu ilikuwa inakata hata kabla hajamaliza karatasi za lori mbili. Yeye ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kompyuta yake ikizima katikati ya kazi, kuna dereva mahali fulani anayelala barabarani siku nyingine.

Nitaeleza tulivyoupata ugonjwa wa ile mashine, ila shabaha yangu hasa ni karatasi ya namba iliyokuwa imebandikwa ukutani kwangu, juu ya chuma cha kulehemu. Karatasi hiyo ilitupotezea nusu siku nzima. Nimetafuta wa kumlaumu nikamkosa, maana niliiandika mimi.

Duka langu ni nusu ya kontena, upande wa Uganda, mlango umeelekea barabara ya malori. Nina vijana wawili wanaojifunza kazi. Mmoja ni Mteso wa hapa hapa, mwingine alikimbia vita kutoka upande wa Beni, Kongo. Yule wa Beni Kiingereza kinampa shida, Kiteso hajui, mimi Kifaransa chake sijui, na Luganda sote watatu tunakijua kwa kuombea bei tu. Kwa hiyo duka linaendeshwa kwa Kiswahili, na maelezo ya ukutani nayo huwa ni ya Kiswahili. Katiba yetu iliingiza Kiswahili kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Mimi hadi leo sijapata maelezo ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta) kwa Kiswahili, kwa hiyo huwa najiandikia.

Tulianza na mambo ya kawaida. Tulifungua mashine, tukapuliza vumbi (vumbi la Malaba lina mafuta ya dizeli ndani yake, halitoki kwa kupuliza mara moja), tukapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Tukafunga, tukawasha. Ikawa moto vilevile. Kijana wa Kiteso akafungua `top`, inayoonyesha nani anaitumia prosesa, na hapo juu kabisa kukawa na kworker moja (kibarua wa kerneli) yenye jina la kacpid, imekalia kiini kimoja cha prosesa karibu asilimia 100 na haishuki.

Hilo jina tu lilitosha kutuondoa kwenye feni. Kacpid ni kibarua wa ACPI ndani ya kerneli. ACPI yenyewe ni makubaliano kati ya mfumo na bodi kuhusu mambo ya umeme na vifaa: kifuniko kimefungwa au kiko wazi, betri imebaki kiasi gani, nani alale na nani aamke. Toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 1996, likiwa kazi ya Intel, Microsoft na Toshiba, na tangu 2013 linatunzwa na muungano wa kampuni uitwao UEFI Forum. Mtengenezaji wa bodi hujaza majedwali yenye programu ndogondogo za lugha iitwayo AML, na ndani ya kerneli mna mkalimani wa kuzisoma. Mkalimani huyo ni mtu wa kimya. Anaweza kulishwa upuuzi kutwa nzima asikuambie neno, mpaka umwamuru aongee.

Kumwamuru ni kwa namba mbili. Ya kwanza ni `debug_layer`, nayo huchagua nani aongee: sehemu ya vifaa, sehemu ya matukio, ya majedwali, mkalimani mwenyewe. Ya pili ni `debug_level`, huchagua aongee habari za aina gani. Ujumbe hutoka pale tu zote mbili zinapokubaliana. Unaweza kuziweka wakati wa kuwasha, kwenye mstari wa kerneli, kwa `acpi.debug_layer=` na `acpi.debug_level=`, au mashine ikiwa tayari imeamka ukaziandika ndani ya mafaili mawili yaliyo chini ya `/sys/module/acpi/parameters/`. Kama mafaili hayo huyaoni, kerneli yako haikujengwa na CONFIG_ACPI_DEBUG, na hapo hata uandike namba gani hakuna wa kukujibu. Kuiwasha wakati wa kujenga kunaongeza kerneli kilobaiti 50 hivi, lakini wapo wanaoiacha. Kwa hiyo kabla ya yote:

`grep ACPI_DEBUG /boot/config-$(uname -r)`

Yetu ilikuwa nayo.

Basi kijana akainua macho ukutani. Karatasi ile niliiandika 2017, kwa kalamu ya wino, nikaifunika kwa nailoni. Ilisema: betri, `0x40000`. Mteja amelalamika betri, karatasi inasema betri, akaandika `0x40000` kwenye layer na efu nane (`0xFFFFFFFF`) kwenye level, yaani sema kila kitu. Kimya. Akarudia. Kimya. Tukadhani ni sauti ya koni (skrini ya ujumbe wa kerneli) iliyo chini, tukaongeza `ignore_loglevel`, tukawasha upya. Tukadhani `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, inafutika kabla hatujaisoma, tukaongeza `log_buf_len=16M`, tukawasha upya tena. Saa saba mchana ikatukuta tumekaa tunaitazama skrini nyeupe kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kerneli ilikuwa ikiipokea ile namba bila kulalamika, haisemi haijui, haisemi imekosea.

Nilipotoa rolex (chapati iliyoviringishwa na yai) mfukoni ndipo nikasema hebu nisome maelezo ya kerneli yenyewe. Namba za kuanzia `0x10000` kwenda juu, zile za betri, kitufe, feni, joto na wenzao, hazimo tena. Ziliondolewa 2021. Viendeshi hivyo vilihamishiwa kwenye utaratibu mwingine wa kuwasha ujumbe faili kwa faili, na jedwali la layer likabakiwa na sehemu za mkalimani peke yake, kuanzia `0x1` hadi `0x2000`. Karatasi yangu ilikuwa inampigia simu mtu aliyehama nyumba miaka mingi iliyopita, na simu inaita tu.

Nilibandua ile karatasi hapo hapo. Nailoni ikatoka na rangi ya ukuta.

Sasa, tatizo la pili la karatasi ile lilikuwa baya zaidi ya kuzeeka. Ilikuwa na jedwali la namba, na kijana wa Beni alikuwa analitumia kama orodha ya bei: unachukua moja, unaondoka. Hakujua kwamba namba hizo zinajumlishwa. Siku moja alitaka habari za kawaida, ambazo ni 4, pamoja na habari za marekebisho, ambazo ni 8. Akafikiri vizuri, nne na nane ni kumi na mbili, akaandika `0x12`. Angeandika 12 bila ile `0x` ingekuwa sawa, kerneli ingeielewa kama kumi na mbili ya kawaida. Lakini `0x` hutangaza namba ya msingi wa 16, na `0x12` ni kitu kingine kabisa. Nilijaribu kumweleza biti na msingi wa 16 kwa ubao na chaki, na nikaona macho yake yameondoka.

Kilichotuokoa ni omweso. Nje ya duka, chini ya mwembe, kuna wazee wa boda wanaocheza omweso wakisubiri abiria. Bao la omweso lina safu 4, kila safu mashimo 8, jumla 32. `debug_level` ni namba ya biti 32, na ukiiandika kwa msingi wa 16 inakuwa na tarakimu 8. Niliwahi kulitazama bao lile mara elfu bila kuona. Kila tarakimu ni mstari mmoja wa kusimama wa mashimo manne. Shimo la chini kabisa lina thamani ya 1, linalofuata 2, kisha 4, na la juu 8. Kila shimo linapokea kete moja au halipokei. Ukijaza yote manne umepata 15, ambayo huandikwa F. Ukijaza la 4 na la 8 umepata 12, ambayo huandikwa C.

Nikawaomba wazee bao kwa dakika kumi. Walikubali kwa masharti kwamba nikumbuke kete zilivyokuwa zimekaa, nikazipiga picha kwa simu. Kijana wa Beni akaweka kete mbili, la 4 na la 8, mstari wa mwisho kulia. `0xC`. Kisha nikamwambia aweke `0x12` yake. Akaweka kete moja kwenye shimo la 2 mstari wa mwisho, na nyingine kwenye shimo la 1 mstari wa pili kutoka kulia, akatazama, akacheka mwenyewe. Mashimo hayo mawili yalikuwa hayahusiani kabisa na aliyoyataka. Tangu siku hiyo hajakosea, na ananisahihisha mimi. Mzee mmoja aliuliza kama tunafundishana uchawi wa kucheza.

Turudi kwa Mama. Baada ya kuachana na betri tulienda mahali ambapo tungeanzia asubuhi, `/sys/firmware/acpi/interrupts/`. Humo mna faili moja kwa kila njia ambayo vifaa hugongea mlango wa ACPI, na kila faili ina hesabu ya mara ngapi wamegonga. Njia hizo huitwa GPE. Karibu zote zilikuwa sifuri au makumi. `gpe6F` ilikuwa kwenye mamilioni, na ukisoma tena baada ya kupiga chafya imeongezeka kwa maelfu.

Kwa fundi mwenye haraka hapo inatosha. Lakini nilitaka vijana waone kwa macho kerneli inavyoongea, kwa hiyo tukachagua namba kwa uangalifu. Layer ya matukio ni `0x4`. Level ya miito ya vifaa ni `0x08000000`. Kwenye bao ni kete moja tu, shimo la juu, mstari wa pili kutoka kushoto. Na hapa ndipo karatasi mpya inatofautiana na ile ya zamani, maana njia inayogonga mara maelfu itatoa ujumbe mara maelfu. Ukiiwasha ukaenda kunywa chai, utarudi ukute diski imejaa logi. Kwa hiyo tulisoma kwanza namba iliyokuwemo, tukaiandika kwenye kiganja, kisha amri moja ya pumzi moja: washa, `sleep 2`, rudisha ya kwenye kiganja.

Sekunde mbili zilitupa kurasa na kurasa. Mstari uleule ulijirudia, kundi la GPE 68 hadi 6F, Status=80, Enable=C0. Huu ndio mstari niliotaka wauone. Kundi lina njia nane, biti nane, mistari miwili ya bao. C0 ni mashimo mawili ya juu ya mstari wa kushoto, 8 na 4, yaani njia mbili zimeruhusiwa kugonga: 6F na 6E. 80 ni shimo la juu peke yake. Anayegonga ni 6F, na 6E ametulia. Kijana wa Kiteso alilitafsiri lote bila kuguswa, akiwa amekunja vidole kama mashimo.

Tukaandika neno disable ndani ya faili ya `gpe6F`. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tukasikia malori.

Nilimpa Mama mashine yake jioni na kumwambia arudi keshokutwa nikamilishe, kwa sababu amri ile hufa mashine ikizimwa. Hakungoja keshokutwa. Asubuhi yake alikuja na joto lilelile, mimi nikiwa Tororo kununua waya. Kijana wa Beni akanipigia.

"Madamu, imerudi."

"Andika ileile ya jana. Gpe, sita, efu."

Hapo lori likapiga honi, la kwake au la kwangu sijui. Akaniambia sawa, ameandika. Feni haikunyamaza. Badala yake vitufe vya mwanga wa skrini vikafa, na Mama alipofunga kifuniko mashine haikulala. Alikuwa ameandika 6E. Na kwenye mashine ile 6E ndiyo njia ya EC, kile kichipu kidogo cha bodi kinachosimamia kibodi, kifuniko, chaja na betri. Kilikuwa kimefungwa mdomo. Wala hakukuwa na haja ya kubahatisha, `dmesg` ya kuwasha huwa inasema wazi EC imeshika GPE ipi. Ila nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote mstari huo. Mama alimwambia kijana, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao, "Mwanangu, jana ilikuwa inachoma tu." Kuzima na kuwasha kulirudisha kila kitu, kelele ikiwemo.

Niliporudi tulimaliza vizuri. Kwenye mstari wa kerneli tuliongeza `acpi_mask_gpe=0x6F`, ili njia hiyo ifunikwe tangu kuwaka. Kisha tukatoa majedwali ya bodi kwa `acpidump`, tukayafumua kwa `iasl`, tukaitafuta programu ya njia hiyo. Huwa inaitwa `_L6F` au `_E6F`. Ya Mama ilikuwa ya L, maana yake inaendelea kugonga mradi ishara bado iko juu. Ndani yake iliulizia tundu la USB la ubavuni, lile dogo lenye pembe za mviringo. Tulipolimulika kwa tochi lilikuwa na kutu ya kijani. Mama akakumbuka chai iliyomwagika mwezi uliopita, chai ambayo asubuhi ya kwanza nilipomuuliza haikuwepo. Tundu hilo halitumii kwa chochote, kwa hiyo tumeliacha limefunikwa. Nilimtoza elfu thelathini, na nusu siku ya karatasi nikaimeza mwenyewe.

Karatasi mpya iko kwa penseli. Kila namba ina mistari mitatu: inafungua mdomo wa nani, kelele yake ni kiasi gani, na unaizima vipi. Mstari wa kelele siupati kwenye jedwali lolote, inabidi uwashe mwenyewe usikilize. Kwa mfano `0x200000`, inayotangaza kila kazi ya ndani inapoingia na kutoka, nimeiandikia "kanisa la usiku kucha", na kila mtu wa mtaa wetu anaelewa. Level ya `0x2`, inayotoa yale tu ambayo mwandishi wa AML aliyaandikia kitu cha Debug, nimeiandikia "mgeni mpole". Na efu nane pande zote mbili nimeichorea fuvu. Miaka ya nyuma niliziweka zote kwenye faili la GRUB, programu inayowasha kerneli, la mashine ya shule moja, nikaamuru iwake upya. Maandishi yalipita skrini hadi nikala, nikanawa, nikarudi, bado yanapita. Ilibidi nizime kwa nguvu, nibonyeze `e` kwenye menyu ya GRUB na kufuta namba kwa mkono. Ndiyo maana chini ya fuvu kuna mstari wa kuzima mrefu kuliko yote, na sharti: majaribio huandikwa hapo kwenye `e` kwanza, yafe mashine ikizimwa, si kwenye faili.

Na sasa kila namba ina mwaka wa kerneli niliyoijaribu nayo, pembeni, kwa herufi ndogo.

Upande wa betri na EC bado haujaandikwa. Huko siku hizi unawasha faili moja moja, kwa mfano:

`echo 'file drivers/acpi/ec.c +p' | sudo tee /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control`

na `-p` kuzima. Leo asubuhi niliiwasha kwenye mashine yangu na kubonyeza kitufe cha mwanga mara moja, nihesabu mistari. Kijana wa Kiteso anahesabu, mimi naandika. Tumefika thelathini na kitu, na mteja amesimama mlangoni na simu iliyoanguka kwenye ndoo.